Kuhamisha santuri na kaseti hadi kompyuta: dalili za kasoro, visababishi na tiba zake

Kazi ya kuhamisha sauti kutoka kwenye santuri au kaseti hadi faili la kompyuta huonekana nyepesi mpaka pale faili la kwanza linapochezwa. Ndipo hubainika kwamba besi imepotea, au mwimbaji anasikika kama mtu aliyejifunika blanketi, au chini ya wimbo wote kuna mvumo usiokoma. Wengi hukimbilia programu ya kuhariri na kuanza kuitibu sauti kwa kipanya, na hapo ndipo kazi huharibika. Kasoro nyingi za aina hii hazikuzaliwa ndani ya kompyuta. Zilizaliwa kwenye sindano, kwenye kichwa cha deki, kwenye waya au kwenye soketi ya ukutani, na sauti ambayo haikusomwa vyema pale mwanzo haiwezi kurudishwa na programu yoyote. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata njia ambayo sauti yenyewe inapita, kuanzia mashine kuukuu hadi kwenye diski, na kompyuta inafikiwa mwisho.

Kabla ya kufungua skrubu yoyote, fanya majaribio mawili. La kwanza ni kuisikiliza sauti kabla haijafika kwenye kompyuta: chomeka hedifoni kwenye deki au kwenye amplifaya, usikilize dakika mbili. Kasoro ikisikika hapo, iache kompyuta, maana haina hatia. Jaribio la pili linahusu kasoro iliyo upande mmoja tu. Tuseme upande wa kushoto uko chini kuliko wa kulia. Badilishana plagi nyeupe na nyekundu pale zinapoingia kwenye kadi ya sauti. Udhaifu ukihamia kulia, kasoro iko nyuma ya plagi hizo, upande wa mashine. Ukibaki kushoto, iko upande wa kompyuta. Rudia hivyo katika kila kiungo ukielekea kwenye sindano, na ndani ya robo saa utakuwa umekibana kiungo kimoja. Mara nyingi huwa ni waya wenyewe, na waya mpya hupatikana kwa urahisi kwenye maduka ya vifaa vya umeme ya Luthuli Avenue, Nairobi.

Santuri inasikika nyembamba, haina besi, na iko chini mno

Hii ndiyo dalili ya kwanza kwa karibu kila anayeanza. Gramafoni imeunganishwa moja kwa moja na kompyuta, kiwango cha sauti kimepandishwa hadi mwisho, na bado gitaa la besi halisikiki huku matoazi yakichoma masikio. Kisababishi chake ni kwamba sauti haikuchongwa kwenye santuri jinsi ilivyo. Kama besi ingechongwa kwa nguvu zake zote, mfereji ungepepesuka kwa upana kiasi cha kuvamia mfereji jirani na kuirusha sindano nje. Kwa hiyo wachongaji huipunguza besi na kuziongeza sauti za juu, kisha amplifaya ya fono hufanya kinyume chake wakati wa kucheza. Mkunjo huo, unaojulikana kama RIAA, ulikubaliwa Marekani mwaka 1954 na baadaye ukawa kanuni ya dunia nzima. Zaidi ya hayo, kichwa cha sindano cha aina ya sumaku hutoa milivolti chache tu, 3 hadi 6 hivi, ilhali ingizo la kawaida la kadi ya sauti hutarajia mamia ya milivolti.

Tiba ni kuipitisha sauti kwenye amplifaya ya fono. Si lazima ununue mpya. Amplifaya nyingi kuukuu zilizokaa sebuleni tangu miaka ya 1970 na 1980 zina tundu lililoandikwa PHONO kwa nyuma. Ingiza gramafoni hapo, kisha uitoe sauti kupitia tundu lililoandikwa REC OUT au TAPE OUT, si kupitia waya za spika, ambazo zina nguvu ya kuiunguza kadi ya sauti. Baadhi ya programu, Audacity ikiwemo, zinaweza kuuiga mkunjo wa RIAA baada ya kunasa, lakini siipendekezi njia hiyo isipokuwa huna budi, kwa kuwa programu itaipandisha besi pamoja na mvumo wote ulionaswa nayo.

Ukikuta kinyume chake, yaani besi nzito inayonguruma na sauti zinazopasuka hata katika viwango vya chini, huenda sauti inapitia amplifaya ya fono mara mbili. Gramafoni nyingi za siku hizi huwa nayo ndani, pamoja na swichi ndogo ya PHONO na LINE kwa nyuma. Iweke kwenye LINE unapoingia kwenye kadi ya sauti moja kwa moja. Radiogramu za zamani na gramafoni za mkobani ni jambo jingine: nyingi zilitumia kichwa cha kauri, ambacho hutoa volti nyingi na hakihitaji amplifaya ya fono kabisa. Ukikilazimisha kipite humo, utapata sauti mbovu na utailaumu santuri bure.

Mvumo mzito usiokoma

Umeme wa Kenya huja kwa mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika mzito na wa kiwango kimoja, haupandi wala haushuki pamoja na wimbo. Jiulize kwanza kama gramafoni ina waya mwembamba wa tatu, wenye ncha ya uma, unaotoka pamoja na zile plagi mbili. Huo ni waya wa ardhi, na usipofungwa kwenye skrubu ya amplifaya, mvumo hauna budi kuja. Nimeona zaidi ya mara moja waya huo ukiwa umekatwa kwa sababu mwenyewe hakuona pa kuuchomeka.

Waya wa ardhi ukiwa mahali pake na mvumo ungali upo, chomoa chaja ya kipakatalishi na uache kitumie betri. Mvumo ukinyamaza papo hapo, umekutana na mzunguko wa ardhi: kompyuta na amplifaya zimeshika ardhi kwa njia mbili tofauti, na umeme mdogo unazunguka kati yake kupitia ngao ya waya wa sauti. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, toa waya wa dekoda au wa antena ikiwa amplifaya imeunganishwa na televisheni, na ikiwa betri inatosha, nasa kwa betri. Kamwe usiikate pini ya ardhi ya plagi ya pini tatu ili kuunyamazisha mvumo. Pini hiyo imewekwa kulinda uhai wa mtu, na hakuna wimbo wenye thamani inayoikaribia.

Mvumo unaobadilika unaposogeza mkono wa sindano kuelekea katikati ya santuri husababishwa na transfoma iliyo karibu. Ihamishe gramafoni mbali na amplifaya kwa nusu mita. Kama sauti ni ya kugongagonga, "dididi-dididi", inayokuja na kupotea, ni simu iliyowekwa karibu na waya. Ipeleke chumba kingine kabla ya kuanza kunasa, kwani ujumbe mmoja wa M-Pesa unaweza kutia doa katikati ya wimbo ambao umeungoja nusu saa.

Wimbo unakwenda polepole au haraka kupita kiasi

Mama mmoja wa Buruburu aliniletea gramafoni aliyotumiwa na mwanawe kutoka Marekani, akiwa na transfoma ya kushusha volti kutoka 240 hadi 120, kila kitu kikiwa kimefungwa vizuri. Akaniambia, "Mwanangu, inacheza, lakini wanaume wote wanaimba kama wagonjwa." Transfoma ilikuwa nzima, ila transfoma hubadilisha volti tu, haigusi mizunguko. Umeme wa Marekani ni wa mizunguko 60 kwa sekunde, na mota ya gramafoni ile ilikuwa ya aina inayofuata mizunguko ya umeme. Ikiletwa Nairobi huzunguka kwa tano ya sita ya kasi yake: santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika hucheza kwa takriban 27.8, na sauti zote hushuka kwa nusutoni tatu na ziada.

Huhitaji kifaa chochote kulithibitisha hili. Bandika kipande kidogo cha karatasi kwenye ukingo wa sahani, washa saa ya simu na uhesabu. Sahani ya 33⅓ huzunguka mara 100 kamili katika dakika 3, na ya 45 huzunguka mara 135. Ukipata 83 kwa ile ya kwanza, hiyo ni mota ya Marekani kwenye umeme wa Kenya. Tiba ya kweli ni kubadilisha kapi ndogo iliyo juu ya mota kwa kapi ya mizunguko 50, ambayo watengenezaji wengi waliitoa kwa ajili ya masoko mengine. Gramafoni zenye mota ya umeme wa DC, au zinazodhibitiwa na kioo cha kwazi (quartz), hazina tatizo hili. Kama kapi haipatikani, nasa jinsi ilivyo kisha uongeze kasi kwa asilimia 20 kwenye programu, ukichagua amri inayobadilisha kasi na kimo cha sauti pamoja, si ile inayobadilisha tempo peke yake. Matokeo yatasikilizika, ingawa uwiano wa besi na sauti za juu utakuwa umepotoka kidogo, kwa sababu amplifaya ya fono ilifanya kazi yake kwenye sauti zilizoshuka.

Sauti inayoyumba kwa mpigo wa kawaida ni dalili nyingine kabisa. Pima muda wa mpigo. Ukirudi kila baada ya sekunde 1.8 kwa santuri ya 33⅓, au sekunde 1.33 kwa santuri ya 45, tundu la santuri haliko katikati, au santuri za tundu kubwa zimewekewa adapta isiyokaza. Itazame sindano kwa upande: utaona mkono ukienda kushoto na kulia kila mzunguko. Mpigo usio na utaratibu hutokana na ukanda wa mpira uliolegea, na huo hubadilishwa.

Kwa kaseti, kasi ina ujanja wake. Nyingi zilirekodiwa kwenye redio kaseti za betri, na betri ilipoanza kuisha mota ilipunguza mwendo, hivyo basi leo sauti huanza sawa na kupanda kidogo kidogo kadiri utepe unavyoendelea, mpaka mzee anayehutubia anageuka kijana. Ikiwa redio hiyo ilichomekwa kwenye stima, una bahati, kwani mvumo hafifu wa mizunguko 50 mara nyingi uliandikwa kwenye utepe pamoja na sauti. Chagua mahali ambapo hakuna anayesema, fungua mchoro wa masafa kwenye programu, utafute kilele kidogo pale chini. Kikiwa kwenye 53 badala ya 50, utepe unakimbia kwa asilimia 6, na utajua kiasi hasa cha kupunguza. Ukiona vilele viwili, kile kilichosimama kwenye 50 kamili ni cha deki yako ya leo, na kile kilichopotoka ndicho cha siku ile ya kurekodi.

Kaseti inasikika kama imefunikwa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo watu wengi hupoteza kisichorudi. Kampuni ya Philips iliitoa kaseti mwaka 1963 ikikusudia maneno ya ofisini, si muziki. Utepe wake una upana wa milimita 3.8 na hutembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde, ndiyo maana sauti ya mizunguko 10,000 kwa sekunde huandikwa kwa wimbi lisilofika hata sehemu 5 za elfu ya milimita. Kichwa kinacholisoma wimbi hilo kikiinama kidogo tu kuliko kile kilicholiandika, sauti za juu hufutana zenyewe kwa zenyewe, na kinachobaki ni mtu anayezungumza nyuma ya mlango.

Anza na usafi. Chovya pamba kwenye alkoholi ya isopropili, ile ya asilimia 90 au zaidi, usugue uso wa kichwa na mhimili mwembamba wa chuma mpaka pamba itoke nyeupe. Rangi ya kahawia utakayoiona ni kutu ya tepe za miaka mingi. Spiriti ya kujipaka inayouzwa kwa ajili ya ngozi mara nyingine huwa na mafuta, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuitumia. Gurudumu la mpira lifute kwa kitambaa chenye unyevu wa maji na sabuni kidogo, kwani alkoholi ikizoea mpira huukausha.

Pili, zima Dolby, ule mfumo wa deki wa kupunguza kelele za utepe. Kaseti nyingi za nyumbani zilirekodiwa kwenye redio zisizokuwa na Dolby, na ukiiwasha wakati wa kucheza, inazipunguza sauti za juu ambazo hazikuwahi kuongezwa. Kanda zilizouzwa madukani na zenye alama ya Dolby kwenye jalada ndizo zinazoihitaji.

Tatu, geuza kaseti uitazame kwa chini. Katikati kuna kijipande cha sufu kilichobandikwa kwenye springi ya bati, kazi yake ikiwa ni kuusukuma utepe ugusane na kichwa. Gundi yake hukauka na kijipande hudondoka. Kikiwa hakipo, sauti hufifia na kurudi kama redio ya mawimbi mafupi usiku. Ikate kaseti isiyo na thamani, uchukue kijipande chake.

Baada ya hayo matatu ndipo unapofikia mwinamo wa kichwa. Kando ya kichwa cha deki, kwa kawaida upande wa kushoto, kuna skrubu ndogo yenye springi chini yake. Katika deki nyingi huonekana kupitia kitundu mara tu ukiondoa kifuniko cha mlango. Weka alama kwa kalamu mahali ilipo ili uweze kuirudisha. Cheza kaseti, unganisha pande zote mbili ziwe mono, maana mono huionyesha kasoro hii kwa ukali zaidi, kisha uizungushe skrubu polepole mno kwa bisibisi isiyo ya sumaku, huku ukisikiliza herufi "s" na "sh". Kuna mahali pembamba ambapo sauti hufunguka. Ukipita, hufunga tena.

Nilikuwa na C60, yaani kaseti ya dakika 60, ambayo ndani yake nyanya yangu anawataja, mmoja baada ya mwingine, wote waliofika kwenye harusi ya mwanawe. Shangazi alikuwa ameketi kando yangu kunisaidia kuyaandika majina, na tulikuwa tumekwama, kwa kuwa "s" na "f" zote zilitoka kama pumzi moja. Akasema, "Huyo si mama. Mama hakuwa akitafuna maneno." Nikafungua kifuniko, nikaigusa skrubu. Robo ya mzunguko kuelekea kushoto, na ghafla ukasikika ulimi ukigusa meno. Akasikika na jogoo nyuma ya nyumba, ambaye hatukuwa tumejua kwamba yumo katika utepe ule. Majina tuliyokuwa tumeyaandika kwa kubahatisha, manne kati yake yalikuwa ya watu wengine kabisa. Ndiyo sababu sikubali kaseti ya familia inaswe kwa deki ambayo skrubu hiyo haijaangaliwa. Mwinamo hurekebishwa kwa kila kaseti peke yake, wala si mara moja kwa deki nzima, kwa sababu kila redio iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake.

Deki inautafuna utepe

Ukisikia sauti ikikunjamana, bonyeza kitufe cha kusimamisha bila kungoja sekunde hata moja. Kisababishi huwa gurudumu la mpira lenye uchafu unaonata, au gurudumu la kupokea lisilozunguka kwa sababu ukanda wa mpira ndani ya deki umelegea au umeyeyuka ukawa kama lami. Jaribu deki kwa kaseti usiyoijali kabla ya kuipa ile ya thamani, na uitazame ikipokea utepe kwa angalau dakika tano. Kaseti iliyokaa miaka mingi bila kuchezwa izungushe kwanza hadi mwisho na kuirudisha yote, ili utepe ulegee na ujikunje upya. Kama inakwama, tumia kalamu ya biro kwa mkono, polepole. Zile za C120 zina utepe mwembamba kuliko zote, nazo hazifai kuzungushwa kwa kasi.

Utepe ukikatika, unganisha kwa mkanda maalumu wa gundi wa kuungia tepe, upande wa nyuma usiogusa kichwa. Selotepu ya kawaida huyeyuka gundi baada ya muda na kuuganda mzingo mzima. Ikiwa ganda la kaseti limepinda, lenye skrubu tano hufunguliwa na mizingo yake ikahamishiwa ganda jingine. Kaseti yenye unga mweupe wa ukungu kwenye mzingo, hasa zilizotoka Pwani, isichezwe kabisa kabla ya kusafishwa, kwa sababu itauchafua kichwa na kuziambukiza nyingine, na aliyeishika avae barakoa. Kabla ya yote hayo, vunja vile vijino viwili vya mgongoni, ili kidole kilichoteleza kisirekodi juu ya sauti isiyokuwa na nakala.

Santuri inatatarika, au sindano inaruka

Mlio wa kutatarika kama mafuta yakaangapo maandazi mara nyingi ni vumbi, wala si uharibifu. Piga brashi ya nyuzi za kaboni kila unapoanza upande. Ikiwa uchafu umeingia ndani ya mfereji, ioshe santuri kwa maji yaliyotiwa tone la sabuni ya vyombo, ukifuata mzunguko wa mfereji na kuilinda lebo isilowe, kisha uisuuze kwa maji yaliyokenekwa. Haya hupatikana kwenye vituo vya petroli kama maji ya betri. Hakikisha chupa ni ya maji na si ya asidi, kwani huuzwa rafu moja. Maji ya mfereji wa nyumbani huacha chumvi ambayo nayo hutatarika. Santuri nzito za 78 ni za shelaki, na alkoholi huiyeyusha shelaki, kwa hiyo zisiguswe na kitu chochote chenye alkoholi. Zinahitaji pia sindano pana, ya sehemu 3 za elfu ya inchi hivi, kwa sababu sindano ya LP, yaani ya santuri za 33⅓, hupwaya ndani ya mfereji wake na kusomba kelele ya sakafuni.

Sindano inaporuka, wako wanaoweka shilingi juu ya mkono wake. Jambo hilo linaisha kwa hasara, kwa kuwa uzito wa ziada huchimba mfereji, na santuri hiyo haitapata tena sauti yake. Kila kichwa cha sindano kina uzito uliowekwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya gramu 1.5 na 3, na mizani ndogo ya sindano huupima. Angalia kama sindano imechakaa, kama gramafoni imelala sawa mezani, kama sakafu inatikisika watu wakipita. Santuri iliyochezwa sana baani au kwenye sherehe, ambayo mfereji wake umelika, itapasuka sauti palepale kila unapoicheza. Kwa santuri za mono, kuziunganisha pande mbili kuwa moja hupunguza kelele kwa kiasi cha kushangaza, kwa kuwa wimbo wa mono uko kwenye mwendo wa sindano wa kushoto na kulia tu, na kelele nyingi ziko kwenye mwendo wa juu na chini.

Kasoro zilizo kwenye kompyuta yenyewe

Hizi ni chache. Sauti ikitoka upande mmoja, au mono na yenye mikwaruzo, huenda umeingia kwenye tundu la maikrofoni la kipakatalishi; vipakatalishi vingi vina tundu moja tu la hedifoni na maikrofoni, na ingizo lake ni mono. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB yenye ingizo la kawaida la pande mbili. Sauti ikipanda na kushuka yenyewe, au utangulizi wa gitaa ukimezwa kana kwamba ni kelele, zima maboresho ya sauti yaliyo kwenye mipangilio ya mfumo, ambayo yalitengenezwa kwa ajili ya mikutano ya mtandaoni. Ikikatikakatika, funga programu nyingine zote na usinase moja kwa moja kwenye kiendeshi cha flashi.

Kuhusu kiwango, acha vilele vifike takriban desibeli 6 chini ya sifuri. Kilele kilichogonga sifuri hukatwa na hakirudi, ilhali kunasa chini kidogo kwa biti 24 hakukugharimu chochote. Chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, IASA, hupendekeza angalau sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24 kwa sauti za aina hii. Kwa kiwango hicho, faili la WAV, ambalo halibani sauti, la pande mbili huchukua megabaiti 17 na ziada kwa dakika, hivyo C90 nzima ni gigabaiti 1.6 hivi. Usinase kwa MP3. Hiyo itolewe baadaye kwa ajili ya simu na WhatsApp, kutoka kwa WAV au FLAC iliyohifadhiwa. Na kwa kuwa stima hupotea bila kubisha hodi, nasa kila upande kama faili lake na ulihifadhi kabla ya kugeuza.

Sauti imekuwa kama ya majini baada ya kusafishwa

Hiyo ni kazi ya kichujio cha kelele kilichotumiwa kupita kiasi. Punguza kelele kwa desibeli 6 au 8, si 24, na usikilize kile kinachoondolewa peke yake. Ukisikia ndani yake silabi au mkwaruzo wa kayamba, umeanza kuula wimbo. Hili halina hatari yoyote mradi faili la kwanza, lililonaswa bila kuguswa, limehifadhiwa kando kwa jina linaloeleweka na kwenye diski ya pili iliyo nyumba nyingine.

Santuri za 45 zilizouzwa River Road, Nairobi, zina kasoro moja ambayo si kasoro: nyimbo nyingi za benga zilikatwa mara mbili, sehemu ya kwanza upande mmoja na ya pili upande wa pili, na ukizisikiliza kama mafaili mawili, wimbo hukatika pale gitaa linapochangamka. Unaweza kuziunganisha kwenye nakala ya kusikiliza. Linganisha kwanza kiwango cha pande zote mbili, kwani upande wa kwanza huwa umechakaa zaidi, kisha uangalie kama sehemu ya kwanza ilififishwa mwishoni. Ikiwa ilififishwa, usilazimishe kiungo. Acha sekunde moja ya kimya na uanze ya pili. Ikiwa ilikatwa kavu, tafuta pigo la ngoma katika sehemu zote mbili, ukate hapo kwa hapo, na usikilize mara tatu kwa hedifoni kama mguu wako unaendelea kupiga bila kujikwaa.